Kiangazi cha Fintan Wawili

Jumapili, 2 Juni 1996

Tumeanza msimu wa mpira wetu wa Kiayalandi, ule wa miguu na mikono, kwa mvua na ushindi. Fintan wangu alicheza beki wa kati, jezi namba sita, ile aliyokuwa akiivaa marehemu baba yake tangu yeye na vijana wenzake wa parokia ya Kilronagh kule Ayalandi walipoanzisha klabu hapa Boston, wakaipa jina la kwao. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja kando ya mstari, mwavuli mkononi, nikapiga kelele mpaka Jarlath Feeney, mwenyekiti, akaja kuninong'oneza. "Shemeji, tulia. Bado wanapasha misuli."

Naandika daftari hili kwa sababu tangu mume wangu Malachy afariki sina wa kubishana naye Jumapili jioni. Fintan hapendi kuchambua mechi. Anakula, anaoga, analala. Ana miaka ishirini na minne na anaongea kama mtu anayelipia kila neno.

Jumapili, 9 Juni

Sare. Jua kali. Mkate wangu wa magadi uliisha kabla ya mapumziko.

Jumatano, 12 Juni

Jarlath alikuja na kofia mkononi, nikajua anataka kitu.

"Shemeji, nina kijana mmoja hana pa kulala."

"Na ile nyumba unayowaweka mafundi wako wa paa?"

"Imejaa hadi sebuleni. Huyu ni dhahabu, shemeji. Kule nyumbani anachezea timu ya vijana ya kaunti. Amekuja kufanya kazi kiangazi tu, Septemba anarudi chuoni."

"Anakula sana?"

"Ni Mwairishi."

"Hata mimi ni Mwairishi, na sili sana."

"Wewe unaonja jikoni, nani atakuhesabu?"

Kila kiangazi ni hivi. Wanafunzi wanashuka kutoka Ayalandi, na klabu zinawagombania kama kuku wa sikukuu. Huyu anaitwa Cathal Geraghty. Alifika jioni shingo ikiwa imeungua jua, akamaliza viazi vyote. Nikamuuliza habari za nyumbani, nikitarajia kusikia nani kafa na nani kaoa. Akaniambia wamefungua duka kubwa lenye maegesho ya magari mia tano, na kwamba mama yake hajaoka mkate wa magadi maishani mwake, anaununua umeshakatwa. Niliweka uma chini. Fintan alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Jumapili, 16 Juni

Kijana huyu ni balaa. Anaruka na kuudaka mpira juu ya vichwa vya watu, anakimbia nao, halafu anaupiga juu ya mtambaa wa panya kana kwamba anatupa ganda la ndizi. Kila unaopita juu hivyo ni pointi, naye alipata saba. Sijaona mchezaji wa namna hii tangu nikiwa msichana kule kwetu Sligo.

Lakini kipaza sauti kilitangaza, "Pointi, Fintan Mannion." Nikamtafuta Fintan uwanjani, simwoni. Nikamkuta benchi, amevaa koti. Kikatangaza tena, na tena. Nilidhani mtangazaji amelewa.

Ndani ya gari ndipo nilipoelezwa.

"Karatasi za Cathal za uhamisho hazijafika kutoka klabu yake," Fintan alisema. "Kwa hiyo leo ametumia jina langu na jezi yangu."

"Na ukakubali?"

"Mechi moja tu, Mama. Jarlath ameniomba."

"Kwa nini usicheze na wewe?"

"Hatuwezi kuingia Fintan Mannion wawili."

Cathal akapenyeza kichwa kutoka kiti cha nyuma. "Lakini nimelitendea haki jina lako, au siyo?"

"Umelipigia pointi saba. Mimi huwa nalipigia tatu kwa mwaka mzima."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka lakini sikujua nacheka nini.

Jumapili, 23 Juni

Karatasi hazijafika. Fintan Mannion alipata pointi sita. Fintan alinishikia mwavuli.

Alhamisi, 27 Juni

Dada yangu Philomena amepiga simu kutoka Sligo. Kuna mtu amempelekea gazeti la Waairishi wa hapa, na humo wameandika kwamba Fintan Mannion wa Kilronagh ndiye mchezaji bora wa ligi.

"Attracta, mwanao ni moto. Nimemsomea hadi padri."

Nikasema asante. Ningeweza kumwambia ukweli kwa maneno mawili, lakini nilisema asante, na moyo ukawa mtamu kabisa, kama vile ni kweli. Nilipoweka simu nikamwona Fintan mlangoni na mkoba wake wa fundi umeme. Aliuliza nani alikuwa kwenye simu. Nikasema ni mtu wa kanisani. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 4 Julai

Sikukuu ya taifa, nyama choma nyuma ya nyumba ya Jarlath. Cathal alivaa kofia ya bendera ya Marekani. Fintan alivaa jezi ya mazoezi ya Kilronagh.

"We Yanki, nisogezee hiyo sosi," Cathal alisema.

"Yanki ni nani hapa? Mwenye bendera kichwani ni wewe."

"Mimi mgeni, naruhusiwa. Wewe umezaliwa nayo."

"Kazini wananiita Mwairishi. Tangu siku ya kwanza."

"Kwani hao wa kazini kwako wamewahi kumwona Mwairishi?"

Watu waliangua kicheko, na mimi nikiwemo. Cathal hana nia mbaya, ndivyo wanavyotaniana kwao. Fintan naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Baadaye tukiosha vyombo akaniambia, "Huko Mwairishi, huku Yanki. Baba alikuwa anasemaje?"

"Baba yako alikuwa anasema wewe ni namba sita."

Aliendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

Jumapili, 14 Julai

Uwanja umejaa maji. Hakuna mechi.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua tena. Nimefua jezi kwa mikono, mashine haiwezi matope yale. Namba sita ilikuwa nyeusi mgongoni na mabegani, na nilipokuwa nikiisugua nikajikuta naimba. Zamani nilikuwa naimba nikifua ya Malachy. Kisha nikachukua suruali ya mazoezi ya Fintan. Haikuwa na hata doa moja. Niliifua vile vile.

Nimwandike Cathal vizuri, maana nisipomwandika nitajidanganya. Jioni anakaa nami kumenya viazi. Anaacha maganda mazito, anapoteza nusu ya kiazi, lakini anakaa. Ananisimulia kwao. Mama yake alipiga simu juzi akaniambia, "Mwangalie kama wako, dada." Tangu hapo kijana ananiita Mama. Hakuomba ruhusa, nami sikumkataza. Nampenda. Naandika hivyo na Fintan yuko chumba cha juu, nasikia viatu vyake vikivuka sakafu.

Jumapili, 28 Julai

Fintan hakuja uwanjani. Amesema ana kazi. Leo ni Jumapili.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeenda kwa Jarlath bila kofia wala adabu. Nilimkuta juu ya paa la mtu huko Quincy, nikamngoja chini mpaka akashuka.

"Karatasi ziko wapi, shemeji?"

Akajifuta uso. "Hazitakuja."

"Unasema?"

"Klabu yake ya nyumbani imekataa. Wanamtaka huko. Hakutakiwa kabisa kucheza huku, shemeji. Ikijulikana anafungiwa miaka miwili, huku na kule. Timu ya kaunti ndiyo basi tena."

"Yeye anajua?"

"Anajua. Anapenda mpira kuliko akili yake."

"Na Fintan?"

"Nilimwambia mwenyewe wiki iliyopita. Nikamwomba avumilie mpaka fainali."

"Alisema nini?"

"Alisema sawa. Unamjua."

Simjui. Hapo ndipo iliponijia, nimesimama kwenye vigae vilivyovunjika, kwamba simjui. Sawa yake ni ipi? Ya kukubali au ya kuchoka? Nikamwambia Jarlath kwamba Malachy angekuwa hai asingeruhusu upuuzi huu.

"Malachy alikufa bila kombe, shemeji," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiangalia viatu vyake.

Nilirudi nyumbani kumwambia Cathal afungashe. Nikamkuta amekata nyasi na amepika mayai, ameunguza kikaango changu. Sikumwambia kitu.

Jumapili, 11 Agosti

Ushindi. Joto la kuua.

Jumapili, 25 Agosti

Tumeingia fainali. Fintan Mannion goli moja na pointi tano. Wanaume wazima walikuwa wakimbusu Cathal kichwani. Wanawake wa klabu wakaja kunipongeza mimi, mmoja baada ya mwingine. Wanajua au hawajui? Bi Gormley, aliyemfundisha Fintan wangu katekisimu, alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanao ametutoa kimasomaso." Nilimwangalia machoni, sikuona kitu humo isipokuwa furaha.

Au mimi ndiye nisiyejua mambo yanavyokwenda.

Jumapili, 1 Septemba

Kuna kimbunga baharini. Fainali imesogezwa wiki moja. Upepo unatikisa madirisha tangu asubuhi, Fintan amepigilia mbao yale ya upande wa bahari. Cathal yuko kwa Jarlath. Tulikuwa wawili tu jikoni, jambo ambalo halijatokea tangu Juni.

"Drumkeel wamelalamika," Fintan akaniambia. Drumkeel ndio tunaocheza nao. "Wamemwandikia Hession."

Hession ni katibu wa ligi. Ana bucha kule Adams Street, ananikatia nyama tangu nilipoolewa.

"Wamelalamika nini?"

"Kwamba namba sita si Fintan Mannion. Hession atauliza siku ya fainali, mbele ya watu. Jarlath anasema ukiulizwa wewe yamekwisha. Hakuna atakayembishia mjane wa Malachy."

"Nikiulizwa niseme nini?"

Alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa, akautazama.

"Wewe ndiye mama. Sema unavyoona."

"Fintan, niambie unachotaka."

"Nimeshasema."

Hajasema. Nimeyapindua maneno yake tangu mchana na sioni alichosema. Kama anataka niseme ukweli, si aseme? Kama anataka niwafiche, si aseme pia? Malachy alikuwa hivyo hivyo, ila Malachy alikuwa anapiga meza, kwa hiyo ulijua umefika wapi. Nikisema ukweli, namwangamiza mtoto wa mwanamke aliyeniita dada, na klabu inafutwa. Nikisema uongo, sijui nini kinatokea. Labda hakuna kinachotokea. Labda ni jina tu, linarudi Jumatatu kama jezi iliyoazimwa.

Jumatano, 4 Septemba

Sijalala vizuri. Kimbunga kimepita mbali, kimeacha matawi barabarani.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika ya jana.

Uwanja ulijaa. Tulikaa pale pale, mimi kwenye kiti changu, Fintan kando yangu kwa shati la kazini. Hakuvaa hata nguo za benchi. Nilimuuliza mbona hakuvaa, akasema shati hili lilikuwa karibu. Mechi ilikwenda bega kwa bega hadi dakika za mwisho. Nilipiga kelele, naungama, nilipiga kelele "Fintan, Fintan" na Fintan amesimama kando yangu. Na Cathal akaupata mpira katikati, akawapita wawili, akapiga kutoka mbali sana, na mpira ukapita juu ya mtambaa wa panya ukiwa bado unapanda. Tukashinda kwa pointi hiyo moja. Jarlath alianguka magotini akalia akimwita Malachy kwa jina. Nami nikalia. Katika kiangazi chote hicho tu ndicho nilichokielewa.

Kisha nikamwona Hession anakuja kwangu, amevaa suti ya kanisani, na nyuma yake meneja wa Drumkeel, mtu mfupi mwenye uso mwekundu. Walikuwa wamemleta Cathal kwa mkono. Watu wakatuzunguka. Kelele zikapungua, kisha zikaisha.

"Attracta," Hession alisema, "samahani kwa kukusumbua. Kuna malalamiko. Nakuuliza mara moja tu, na jibu lako ndilo nitakaloandika. Huyu ni mwanao Fintan?"

Cathal alikuwa amejaa matope mpaka kope. Alinitazama kama mtoto aliyevunja kitu. Nikafikiria mama yake kwenye simu. Nikafikiria Jarlath magotini, na kombe mezani chini ya turubai, na Malachy aliyelisubiri maisha yake yote hapa. Kuna mtu nilipaswa kumfikiria kwanza, naye alikuwa karibu nami kiasi kwamba mkono wake uligusa wangu. Nilidhani yeye yupo tu. Nilidhani yeye ataelewa, kwa sababu siku zote ameelewa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mwanangu."

Hession akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha. Lakini yule meneja wa Drumkeel hakutaka kuondoka mikono mitupu, akamgeukia Fintan.

"Na wewe, kijana? Wewe ni nani?"

Fintan alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeiweza hasira. Alinitazama kama anayesubiri nimalizie sentensi yangu. Sikumalizia.

"Mimi ni mpangaji wake," alisema.

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, Jarlath akamkumbatia. Cathal peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anachezea ukosi wa jezi.

Fintan ndiye aliyetuendesha kurudi nyumbani. Kombe lilikaa kiti cha nyuma karibu na Cathal. Nilisema barabara zimesafishwa vizuri baada ya kimbunga.

Jumanne, 10 Septemba

Cathal ameondoka. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Kwa Fintan alisimama na begi lake, akashindwa aanzie wapi.

"Nisamehe, bwana," alisema mwishowe.

Fintan akampa mkono. "Umecheza vizuri, Fintan."

Nilikwenda nyuma kuanika shuka.

Jumatano, 11 Septemba

Viazi nilivyopika ni vingi mno.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku tano Fintan ananisalimia vizuri, anakula vizuri, anaosha sahani yake. Hajakosea kitu. Leo asubuhi nikashindwa, nikavaa koti nikaenda bucha kwa Hession. Nilisubiri wateja waishe, nikamwambia niliyosema uwanjani ni uongo, aandike upya.

Aliweka kisu chini, akanifutia kiti kwa aproni yake.

"Attracta, kwani mimi sikuwepo kwenye ubatizo wa Fintan? Nilikula keki yako mpaka nikaumwa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Uwanja mzima ulijua. Hata Drumkeel walijua, na wao wana wawili wanaocheza kwa majina ya watu."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Walilalamika, ikanibidi niulize. Nilidhani utasema hapana, turudie mechi wiki ijayo, yaishe. Umesema ndiyo, mimi nikubishie mbele ya watu? Nani anambishia mama?"

"Basi andika kwamba nimedanganya."

"Nikiandika, kijana wa watu anafungiwa, na wale wawili wa Drumkeel pia, na ligi inakuwa kichekesho mpaka Dublin. Nenda nyumbani, Attracta. Ni mpira tu." Akanifungia soseji, akakataa pesa.

Nilitembea polepole, na njiani nikawa nimepata nafuu fulani. Kama wote walijua, basi hakuna aliyedanganywa. Kama hakuna aliyedanganywa, basi labda hapakuwa na kosa. Nilitaka kumpelekea Fintan habari hii kama mtu anayepeleka dawa.

Nilimkuta jikoni anapiga pasi shati. Nikamweleza yote, ubatizo, keki, wale wawili wa Drumkeel. Nikamwambia hakuna mtu pale aliyeamini hata kidogo kwamba Cathal ndiye yeye. Alisikiliza hadi mwisho. Akasimamisha pasi, akachomoa waya.

"Kwa hiyo uwanja mzima ulimjua mwanao," alisema. "Aliyemkana ni mama yake tu."

Akavaa shati likiwa bado na moto, akatoka.